Nimekariri maneno 1,400 ya Kiingereza, lakini maswali ya msamiati bado yananiangusha

BARUA

Mwalimu, shikamoo.

Mimi ni msichana wa miaka 23. Ninaishi Igogo, hapa Mwanza, kwa mama yangu mdogo ambaye hukaanga na kuuza samaki, na kila siku kabla ya jua kuchomoza huwa nimeshamsaidia kuchukua mzigo mwaloni, kupaa sato na kuwasha jiko, ndipo nipate nafasi ya kushika madaftari. Nilimaliza kidato cha nne nikapata F ya Kiingereza, na Novemba hii narudia mtihani nikiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Sarufi naimudu kwa kiasi, barua naandika, insha fupi naandika, lakini ufahamu ndio unaonirudisha nyuma, na ndani ya ufahamu kinachoniangusha hasa ni yale maswali yanayotaka maana ya maneno.

Mwalimu wa kituo cha tuisheni ninakosoma jioni alitushauri tukariri maneno 20 kila siku, Kiingereza upande wa kushoto na Kiswahili upande wa kulia. Nimefanya hivyo kwa siku 70 bila kuruka hata moja, pamoja na siku ya msiba wa jirani yetu. Daftari langu sasa lina maneno 1,400 na madoa ya mafuta karibu kila ukurasa, kwa sababu mama mdogo hunihoji maneno huku akigeuza samaki kwenye karai, na katika kila maneno mia hunikuta nimekosa manne au matano tu. Kwa hiyo tulipopewa mtihani wa majaribio wiki mbili zilizopita niliingia kifua mbele. Kifungu kilikuwa hiki:

"Long before sunrise the women were at the landing site, haggling with the fishermen over the night's catch. Prices had soared since the storm, and only those with ready cash could hope to fill a basket. Maria, though usually timid, stood her ground. A seasoned trader tried to push in front of her, boasting of her twenty years at the lake, but the girl would not yield. By noon the shore was deserted and nothing stirred except a stray dog."

Maswali ya msamiati yalikuwa sita na nilipata moja. La kwanza lilitaka maana ya "haggling" kama lilivyotumika katika kifungu. Neno hilo sikuwa nimelikariri, nikaandika "arguing about the price", nikapewa alama. Mengine yote nilikosa, ingawa daftari langu lina "sore" kuwa ni kidonda, "bold" kuwa ni jasiri, "season" kuwa ni kukoleza viungo, "yield" kuwa ni mavuno na "desert" kuwa ni jangwa. Kwa "soared" niliandika "ached". Tulipoambiwa tutafute katika kifungu neno lililo kinyume cha "bold", niliandika "brave". Kwa "seasoned" niliandika "with salt and spices", kwa "yield" nikaandika "harvest", na kwa "deserted" nikaandika "full of sand". Nilipomwuliza mwalimu nimekosea wapi alisema tu niongeze bidii kwenye kamusi. Wenzangu walicheka sana ile ya chumvi na viungo, na tangu siku hiyo wananiita Viungo.

Naomba unieleze, Mwalimu: kukariri kwangu kuna kasoro gani? Nikikutana na neno nisilolijua kabisa nifanyeje, maana kamusi haturuhusiwi kuingia nayo? Je, ni kweli, kama anavyosema mwenzangu mmoja, kwamba nianze kusoma maswali kabla ya kifungu? Siku ile dakika 40 ziliishia kwenye maneno hayo sita. Na hili daftari, niendelee nalo au niliache?

Wako mtiifu,
Muuza samaki wa Igogo


JIBU

Marahaba, mwanangu. Pole kwa hilo jina la Viungo, ingawa nitakuonyesha hapa chini kwamba jibu lililokupatia jina hilo lilikaribia ukweli kuliko waliokucheka walivyodhani.

Kwanza itazame tena karatasi yako. Uliulizwa maswali sita, yale matano uliyokuwa na akiba yake daftarini yakakuponyoka, na lile moja la neno ambalo hukuwahi kulikariri ukalipata. Hiyo haikuwa bahati. Kwa "haggling" hukuwa na kitu cha kukumbuka, ikakulazimu usome: ukawaona wanawake, wavuvi, samaki wa usiku ule na mapambazuko, ukajiuliza watu hao wakikutana mwaloni hufanya nini, na kwa kuwa wewe mwenyewe hubishania bei kila alfajiri, ukajua. Katika yale matano mengine ulikuwa na jibu mfukoni, ukalitoa bila kukitazama kifungu.

Maswali ya aina hii hayaulizi neno fulani lina maana gani duniani. Yanauliza lina maana gani pale lilipo, na ndiyo sababu mtunzi huandika "as used in the passage", maneno ambayo watahiniwa wengi huyapita kama mapambo ya swali. Hilo si jambo geni kwako. Tangu shule ya msingi, katika ufahamu wa Kiswahili, umekuwa ukiambiwa ueleze maana ya maneno "kama yalivyotumika katika habari", na sidhani kama uliwahi kutetemeka. Chukua neno "paa". Paa la jirani limeezuliwa na upepo. Paa amekimbilia kichakani. Ndege imepaa kutoka uwanja wa Mwanza. Mama mdogo anapaa sato. Hukuhitaji kamusi kujua lipi ni lipi, kwa kuwa upepo, kichaka, uwanja na sato vimekwisha kukuambia. Sasa fikiria mgeni aliyekariri kwamba "paa" ni sehemu ya juu ya nyumba, kisha akasoma kwamba mama mdogo anapaa sato. Mgeni huyo ndiye wewe katika mtihani wa Kiingereza.

Tena sentensi ya tano ya "paa" ingekuokoa. Baada ya dhoruba, mitumbwi michache ikitoka, husemi kwamba bei ya dagaa imepaa? "Prices had soared" ni hiyo hiyo. Ulilichanganya "soared" na "sore" kwa sababu yanafanana sikioni, na nakushauri kila unapoona umelitambua neno kwa mlio wake uliangalie herufi kwa herufi kabla ya kuliamini. Lakini hata kama macho yalikudanganya, kifungu kilikuwa kikikuvuta kanzu: sentensi inaendelea kusema kwamba ni wenye fedha taslimu tu waliotarajia kujaza kikapu. Bei zilizofanya hivyo haziwezi kuwa zimeumwa, wala haziwezi kuwa zimeshuka.

Nije kwenye "seasoned". "Season" kwa asili inahusu majira, na kitenzi chake kina habari ya kitu kuiva au kukomaa kwa wakati wake. Mpishi hu-"season" chakula kwa chumvi na viungo, na hiyo ndiyo maana uliyoiandika daftarini. Seremala naye hutaka mbao zilizo "seasoned", yaani zilizokaushwa kwa muda mpaka zikakomaa na hazipindi tena kirahisi. Na mtu aliye "seasoned" ni yule aliyepitiwa na majira mengi katika kazi yake mpaka ikamkomaza. Kiswahili nacho kina njia yake ya kusema hivyo: tunamwita mtu wa aina hiyo mkongwe, mzoefu, aliyebobea, na mzee wa siku nyingi tunasema amekula chumvi nyingi. Umeona chumvi yako ilipokuwa inaelekea? Ulikosa kwa sababu uliiacha kwenye samaki badala ya kuipeleka kwa yule mama mfanyabiashara.

Ungejuaje, ukiwa ndani ya chumba cha mtihani, kwamba inapaswa kwenda kwa mama huyo? Kwa mambo mawili. La kwanza, "seasoned" imekaa mbele ya "trader", kwa hiyo ni kivumishi kinachosifu mtu, na mtu hatiwi viungo. La pili, katika sentensi hiyo hiyo mama huyo anajigamba kwa miaka yake ishirini ziwani, na mtunzi hakuiweka miaka hiyo kwa bahati mbaya. Watunzi wa vifungu hivi hupenda kuacha ufunguo jirani na mlango: mara nyingi umo katika sentensi yenyewe, au ile iliyotangulia, au ile inayofuata. Ukishapata wazo, lipeleke kwenye nafasi ya neno na usome sentensi nzima kwa sauti ya moyoni. "A with salt and spices trader" haisomeki. "An experienced trader" inasomeka na kuleta maana. Kama neno "experienced" halikujii, andika kwa maneno mepesi, "a trader who has done the work for many years", kwa sababu swali likikutaka ueleze maana, kinachotafutwa ni maana wala si neno la fahari.

Jaribio hilo la kulibadilisha neno ndilo ningetaka ulizoee kuliko mbinu nyingine yoyote, na "yield" inaonyesha kwa nini. "The girl would not harvest": angevuna nini, na nani alimwomba avune? Mavuno uliyajua kutoka masomo ya kilimo na jiografia, ambako "yield" ni mazao ya ekari, na huko ulikuwa sahihi. Hapa yupo mtu anayesukuma ili apite mbele, halafu "but", halafu msichana anayekataa jambo. Lile "but" linakuambia kwamba msukumaji hakufanikiwa, kwa hiyo alichokataa Maria ni kusalimu amri au kuachia nafasi. Vineno kama "but", "though", "however", "because" na "such as" ndivyo vibao vya njia katika kifungu: vya kwanza vinakuambia kwamba wazo linageuka, "because" kwamba sababu inafuata, "such as" kwamba mfano unakuja. Mtahiniwa anayevijua vizuri hivi vichache hubahatisha vyema kuliko aliyekariri mamia ya maneno mazito.

"Deserted" nitaipitia haraka. Jangwa na hilo neno ni ndugu wa damu, kwani yote mawili yanatoka kwenye kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kuacha au kutelekeza, na jangwa ni nchi iliyoachwa. Pwani iliyo "deserted" ni iliyobaki tupu, imekuwa mahame, na kifungu kimekuthibitishia kwa kusema kwamba hakuna aliyeonekana isipokuwa mbwa koko.

Swali la kinyume cha "bold" lina kosa la aina nyingine, na hili linaniudhi kidogo kwa sababu ulikuwa unajua. Uliandika "brave", neno ambalo kwanza ni kisawe cha "bold", si kinyume chake, na pili halimo kabisa katika kifungu. Swali linapokuambia utafute neno katika kifungu, jibu lako ni lazima liwe limechapishwa mle ndani, neno moja tu kama limetakiwa moja, likinakiliwa na herufi zake zote bila kuongezewa wala kupunguzwa. Pigia mstari "opposite" pindi tu unapoiona. Kisha angalia umbo: "bold" ni kivumishi, kwa hiyo unatafuta kivumishi, na hapo kifungu chote kinapungua na kubaki na maneno machache. Katika hayo utakuta "timid", ikiwa imetanguliwa na "though usually", yaani ingawa kwa kawaida Maria alikuwa hivyo, siku hiyo alisimama imara. Kama si kawaida yake kusimama imara, basi kwa kawaida ni mwoga. Umelipata neno hata kama hujawahi kuliona. Umbo lingekusaidia pia kama wangekuuliza neno lenye maana ya "bargaining": mwisho wa "-ing" unakuelekeza kwenye "haggling", si kwenye "cash" wala "basket".

Kwenye maswali ya kuchagua mitego ni ile ile, ila imepangwa mstari. Tuseme "yield" ingepewa majibu manne: "harvest", "give way", "push" na "shout". La kwanza ni maana ya neno inayojulikana zaidi, limewekwa pale kwa ajili ya waliokariri. "Push" limechotwa kutoka sentensi hiyo hiyo ili lionekane la karibu. "Shout" ni jambo ambalo watu wa mwaloni hulifanya kweli, lakini kifungu hakikulisema. Mimi hujaribu kulijibu neno kwa maneno yangu kabla ya kuyatazama majibu yaliyochapishwa, kisha natafuta lililo karibu na langu, na nimeona wanafunzi wanaofanya hivyo hawashawishiki kirahisi. Pia kuna mtego wa sifa na lawama. Fundi aliyebobea na mwizi aliyekubuhu wote wana uzoefu, lakini huwezi kumwita fundi wako aliyekubuhu akakushukuru. Kiingereza vivyo hivyo: "famous" na "notorious" wote wanajulikana kila mahali, wa pili kwa ubaya, na mtunzi anaweza kuyaweka yote mawili ili aone kama umeelewa kwamba mtu anayezungumziwa anasifiwa au anasemwa.

Umeuliza kuhusu neno usilolijua kabisa. Anza na kazi yake katika sentensi, kisha jirani zake, kisha ndipo ulichambue neno lenyewe. Vipande vya mbele kama "un-" na "dis-" kwa kawaida hukanusha, na "-less" mwishoni huonyesha kukosekana kwa kitu. Usiviamini kupita kiasi, hata hivyo: "invaluable" ni kitu chenye thamani kubwa mno, "priceless" ni kisichoweza kulipika kwa bei yoyote, na "inflammable" ni kinachoshika moto upesi, kwa hiyo anayedhani "in-" daima ni hapana anaweza kuiweka petroli jikoni. Kuwa macho pia na maneno tuliyoyakopa yakabadilika huku kwetu. Ukisema umekula hotelini hapa mjini unaeleweka kuwa ulikula mgahawani, lakini "hotel" ya kwenye kifungu ni mahali pa kulala wageni. Na "frame" si chumba cha duka cha kupangisha.

Ni haki nikuambie pia kwamba kubahatisha kwa muktadha kuna mpaka wake. Ukisoma kwamba mtu alivaa gauni la "crimson", sentensi itakuambia kuwa ni sifa ya gauni, pengine rangi, lakini haitakuambia kwamba ni nyekundu iliyokolea. Mwaka 2000 watafiti wawili, Hu na Paul Nation wa New Zealand, walionyesha kwamba ili msomaji akielewe kifungu vizuri bila msaada anahitaji kuyajua takriban maneno 98 katika kila 100. Kwa kifungu cha maneno 300 maana yake ni kwamba mageni yasizidi sita hivi. Yakizidi sana, hata majirani wa neno huwa wageni nao, hakuna wa kukuelekeza. Na mazingira ya kifungu nayo yana neno lake. Niliwahi kuona kifungu cha theluji na reli za chini ya ardhi kikitolewa kwa watoto wa Ukerewe, ambao wangekula alama zote kama kingekuwa cha nyavu na mitumbwi. Ukikutana na cha namna hiyo, tegemea zaidi sarufi na vile vibao vya njia, maana uzoefu wako wa maisha hautakuwa na la kukunong'oneza.

Kwa hiyo sikukatazi kujifunza maneno. Ninachogombana nacho ni uchaguzi wake na mpango wake. Michael West, Mwingereza aliyefundisha Bengal, alitoa mwaka 1953 orodha ya maneno ya Kiingereza yapatayo 2,000 yanayotumika zaidi, na ninachokipenda katika orodha ile ni kwamba hakuishia kutaja neno, bali alionyesha pia kila maana ya neno hujitokeza kwa kiasi gani. Alijua kwamba taabu ya mwanafunzi haipo sana kwenye maneno ya ajabu. Ipo kwenye yale ya kila siku yenye sura tatu au nne. Daftari lako limelipa kila neno sura moja.

Usilitupe. Acha kuongeza maneno 20 kwa siku; rudi kwenye yale uliyonayo, matano kwa siku yanatosha, na kwa kila moja andika sentensi mbili zinazolitumia kwa maana mbili tofauti, ukizitoa kwenye vifungu vya mitihani iliyopita au kwenye mifano ya kamusi. Neno "scale" litakufaa kwa kuanzia, kwa sababu unaishi nalo: magamba ya sato ni "scales", mizani ya mwaloni ni "scales", kupaa samaki ni "to scale a fish", na kupanda lile jabali lililo nyuma ya nyumba za Igogo ni "to scale a rock". Mama mdogo akikuhoji, mwombe akusomee sentensi nzima hata kama Kiingereza chake ni cha kusitasita, nawe umwambie maana pamoja na neno lililokufanya uijue. Akikutajia neno peke yake, mwambie hujui mpaka akupe sentensi.

Kuhusu kuanza na maswali, mwenzako amesema nusu. Yapitie macho kwa dakika moja ili ujue ni maneno gani yataulizwa, uyapigie mstari kwenye kifungu, kisha usome kifungu chote mara moja bila kusimama penye giza. Usijibu swali lolote la msamiati kabla ya kufika mwisho, kwa kuwa Maria anayesimama imara katikati ndiye anayekufafanulia woga uliotajwa kabla yake, na mbwa wa mwisho ndiye anayeifafanua pwani. Neno likikushinda kwa dakika mbili liruke, weka alama pembeni, urudi baadaye. Usiondoke ukiacha nafasi tupu, maana nafasi tupu haina alama. Dakika 40 kwa maneno sita ni nyingi mno; zingekutosha kifungu kizima na maswali yake.

Kuna neno moja ambalo mtunzi wa mtihani wako hakuliuliza, nami nakuuliza: "stirred". Nadhani, kama limo daftarini mwako, limeandikwa "koroga" tu. Soma tena sentensi ya mwisho, mtazame huyo mbwa koko aliyebaki peke yake, kisha uniandikie maana ya neno hilo pale lilipo pamoja na maneno yaliyokupeleka kwenye maana hiyo. Ukiniletea jibu bila maneno hayo, sitalisahihisha.